Ahadi ya Mihula 18

Ingawa mimi ni mwalimu wa lugha, leo naomba tuanze kwa hesabu. Elimu ya sekondari nchini Uganda ina vidato sita: vinne vya ngazi ya kawaida na viwili vya ngazi ya juu. Kila mwaka una mihula mitatu. Kwa hiyo mtoto anayeingia Kidato cha Kwanza mwezi wa Februari anaanza safari ya mihula 18. Sasa tazama upande wa pili. Katika klabu za Rotary, ambazo ni miongoni mwa klabu za huduma zinazojulikana sana hapa Kampala, mwaka wa uongozi huanza tarehe 1 Julai, na rais wa klabu hutumikia mwaka mmoja. Rais aliyekuwa madarakani siku mtoto alipopokelewa shuleni huondoka kabla hata mwaka wa kwanza wa masomo haujaisha. Mpaka mtoto huyo amalize Kidato cha Sita, klabu itakuwa imepitia mikononi mwa marais saba.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema. Klabu inapotangaza kwamba itamsomesha mtoto, inatoa ahadi ndefu kuliko uongozi wake wowote, na mara nyingi ndefu kuliko uanachama wa wengi waliopiga makofi siku ya tangazo. Kutafuta wanachama wapya, basi, si pambo la klabu wala mashindano ya kuhesabu vichwa. Ni sehemu ya kulipa karo yenyewe. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hili lina wadai wadogo wasiojua mlango wa kubisha.

Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Lubaga, mojawapo ya tarafa tano za Jiji la Kampala. Mgeni huijua Lubaga kwa vilima vyake: kilima cha Lubaga chenye kanisa kuu la Kikatoliki, Namirembe na kanisa kuu la Kianglikana, Mengo na jumba la Bulange, Kasubi na makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001. Lakini baina ya kilima na kilima kuna mabonde, na mabondeni ndiko wanakoishi wengi wa wanafunzi wangu. Baba ni seremala Ndeeba, mama anauza nyanya Nateete, kaka anaendesha bodaboda Nakulabye. Karo ya nyumba kama hiyo hutegemea biashara ya wiki: mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, ada ya mtoto imepungua.

Haki itendeke kwa serikali. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza mwaka 1997, na ule wa sekondari ukafuata mwaka 2007. Watoto wengi ambao wangebaki nyumbani waliingia darasani kwa sababu ya mipango hiyo. Hata hivyo, si kila shule imo katika mpango wa sekondari, na hata katika zilizomo, sare, chakula cha mchana, madaftari na nauli hubaki juu ya mabega ya mzazi. Kila muhula mwalimu huiona siku ambayo majina husomwa, na wenye deni huchukua mifuko yao wakatoka. Unaendelea kufundisha ngeli za nomino huku madawati matano yakiwa matupu.

Klabu za huduma zinaingia katika pengo hilo, na zinastahili shukrani. Lakini namkumbuka binti mmoja, ambaye sitamtaja jina, wala sitaitaja klabu iliyohusika. Alifadhiliwa tangu Kidato cha Kwanza. Barua aliyopewa ilisema kwamba ufadhili utaendelea ilimradi alama zake ziwe nzuri, na kwa kweli zilikuwa nzuri. Muhula wa pili wa Kidato cha Tatu, fedha hazikuja. Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyetamka kwamba ufadhili umekwisha. Mwanachama mmoja alikuwa amehamishiwa Mbarara, wawili biashara zao zilikuwa zimeyumba, wengine walikuwa wamechoka, na uongozi mpya ulikuwa na mradi mpya wa kisima. Binti yule alikaa nyumbani wiki tano, mpaka shangazi yake alipouza cherehani iliyokuwa ikiwalisha. Aliporudi aliniuliza, "Mwalimu, nilikosea wapi?"

Tafakari swali hilo, ndugu msomaji. Barua ilimfundisha kwamba fadhila hufuata bidii. Fadhila ilipokatika, akatafuta kosa ndani ya bidii yake. Hasara ya ufadhili unaokatika njiani si shilingi peke yake. Mtoto hujifunza mapema kwamba neno la watu wazima wenye suti na vyeo halina uzito, na raia aliyejifunza hivyo ni vigumu baadaye kumwambia aamini ahadi ya chama chochote, cha siasa au cha hisani.

Lugha yetu ina neno linalofaa kutuongoza hapa, nalo ni ada. Ada ni malipo, yawe ya shule au ya uanachama. Ada vilevile ni desturi, yaani jambo linalotendwa tena na tena mpaka likawa sehemu ya maisha ya watu. Klabu nyingi zina ada kwa maana ya kwanza. Mtoto wa mihula 18 anahitaji klabu yenye ada kwa maana zote mbili: watu wanaolipa, na wanaolipa kwa mazoea hata pale kamera zinapokuwa zimeondoka.

Historia ya Rotary yenyewe inatufundisha subira hiyo. Wakili Paul Harris na wenzake watatu walikutana Chicago tarehe 23 Februari 1905, na jina la chama likatokana na mikutano kuzunguka kutoka ofisi ya mwanachama mmoja hadi ya mwingine. Mwaka 1917 Arch Klumph, aliyekuwa rais wa Rotary, alipendekeza kuanzishwa kwa mfuko wa kutenda mema duniani. Mchango wa kwanza, uliotoka klabu ya Kansas City, ulikuwa dola 26.50. Kwa miaka mingi mfuko huo ulikua polepole. Harris alipofariki mwaka 1947, michango ya kumkumbuka ikamiminika, na mpango wa ufadhili wa masomo ukaanza kwa wanafunzi 18. Kutoka pendekezo hadi wanafunzi hao ni miaka 30. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti awepo mtu wa kukilinda kibaba wakati bado kitupu.

Rotary ilifika Kampala mwaka 1957, na leo zipo klabu katika vitongoji vingi, ikiwemo inayobeba jina la Rubaga. Aliyefahamu thamani ya kuongeza watu ni marehemu Sam Owori, mwanabenki wa Klabu ya Rotary ya Kampala, aliyechaguliwa kuwa rais wa Rotary duniani kwa mwaka wa 2018 hadi 2019, akafariki Julai 2017 kabla ya kushika wadhifa huo. Katika muda wa miaka 29, klabu za Uganda ziliongezeka kutoka 9 hadi 89, na juhudi zake zinatajwa miongoni mwa sababu za ukuaji huo. Tukumbuke pia kwamba milango ya chama hiki haikuwa wazi kwa wote tangu mwanzo. Wanawake walikubaliwa rasmi duniani kote mwaka 1989 tu, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kutoa uamuzi kuhusu jambo hilo mwaka 1987. Kwa zaidi ya miaka 80, nusu ya watu ambao wangeweza kubeba mzigo waliachwa nje. Kila klabu ijiulize leo imemwacha nani nje.

Wala moyo wa kushirikiana haukuletwa Lubaga kutoka Chicago. Waganda wana bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kutengeneza njia na kusafisha visima bila ujira, na wana vikundi vya munno mukabi, mwenzako wakati wa shida, vinavyosimama na mfiwa kwa chakula, viti na rambirambi. Vikundi hivyo hudumu kwa sababu kila mmoja humwona mwenzake, na mtu akikosekana hutafutwa. Klabu ya huduma ikikosa jambo hilo inabaki kuwa chakula cha jioni chenye hotuba.

Nilipoalikwa kwa mara ya kwanza katika mkutano wa klabu moja ya jirani, nilitarajia kuombwa fedha, na mshahara wa mwalimu unajulikana. Hakuna aliyeniomba. Katibu alisoma ripoti za shule za wafadhiliwa bila kutaja majina yao: wa kwanza amepanda, wa pili amesimama palepale, wa tatu ameanguka katika hisabati. Mhandisi mmoja akainua mkono akasema atamfundisha huyo wa tatu kila Jumamosi. Kisha mweka hazina akaonyesha stakabadhi za muhula, na akataja kiasi kilichotengwa kwa muhula ujao. Mimi nikaombwa kusahihisha barua ya Kiswahili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilipewa jembe siku ya kwanza, na ndiyo sababu nilirudi.

Naamini watu hawavutwi na beji wala na hoteli. Huvutwa na kazi inayoonekana na hesabu isiyofichwa. Fundi cherehani wa Kasubi ambaye hawezi kulipia chakula cha mkutano kila wiki anaweza kushona sare tatu kwa mwaka. Mwendesha bodaboda anaweza kuwapeleka watoto wawili kituo cha mtihani. Klabu inayomhesabu mwanachama kwa fedha peke yake inawafukuza watu ambao wangedumu kuliko wenye fedha, kwa kuwa wao hawahamishwi Mbarara. Vijana nao wana nafasi yao: Rotary ilianzisha Interact kwa wanafunzi mwaka 1962 na Rotaract kwa vijana mwaka 1968. Aliyefadhiliwa jana anaweza kukaa katika kiti hicho kesho, kwa hiari yake, si kama mtumwa wa fadhila aliyopewa.

Kwa upande wa watoto, nashauri klabu ichukue wachache na iwafikishe mwisho. Kabla ya kumchagua mtoto wa pili, itenge akiba ya mwaka mzima kwa ajili ya wa kwanza. Ufungaji wa shule ulitufundisha hilo: zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, na mtoto aliyekuwa na mihula 18 mbele yake alijikuta na safari ndefu zaidi, wakati wafadhili wake wenyewe wamepoteza vipato. Karo ipelekwe moja kwa moja shuleni. Na mtoto asisimamishwe mbele ya umati akiwa ameshika hundi kubwa ya karatasi. Umaskini wake si mali ya klabu.

Najua wapo watakaouliza kwa nini raia wabebe kazi ya serikali. Swali ni halali. Klabu haiondoi wajibu wa dola, na mwanachama mwema anapaswa kuwa wa kwanza kumuuliza mbunge na diwani wake kuhusu shule zisizo na walimu wa kutosha. Lakini bajeti ya taifa hujadiliwa kwa miezi, na mtoto aliyerudishwa nyumbani leo anapoteza somo la leo. Raia kamili huandika barua kwa mwakilishi wake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hulipa muhula. Waganda husema agali awamu ge galuma ennyama: meno yaliyo pamoja ndiyo yanayotafuna nyama.

Basi, ndugu msomaji, kama tayari wewe ni mwanachama wa klabu yoyote, ya Rotary, ya Lions au ya mtaa, katika mkutano ujao uliza swali moja: mtoto wetu yuko muhula wa ngapi, na fedha za muhula wake wa mwisho ziko wapi? Uliza kwa upole, na ukipata jibu, mwalike jirani yako aje alisikie. Kama hujajiunga popote, nenda kama mgeni ukasikilize hesabu zao kabla ya kusikiliza hotuba zao. Yupo mtoto Lubaga atakayeingia Kidato cha Kwanza Februari ijayo kwa neno la klabu. Rais wa saba, yule atakayelipa muhula wake wa 18, huenda bado hajajiunga. Huenda ni wewe.