Samaki Angali Majini

Kiyeyi, Tororo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema katika shule yako huko Busia, upande wa Kenya, kuna mtoto wa darasa la tatu asiyetulia: anasimama bila ruhusa, anagonga dawati, anachungulia nje, na kusoma hajui. Unauliza kama umhamishie nyuma ili wenzake wapate kusoma. Kabla hujamhamisha, nisikilize.

Mwaka 1997 serikali ya Uganda ilipoondoa karo ya shule za msingi, watoto walitumiminikia kama kumbikumbi baada ya mvua. Nilifundisha chini ya mwembe kwa sababu vyumba vilijaa. Mmoja wao alikuwa kama huyo wako. Nikimpa penseli anaitafuna. Nikimwuliza 7 mara 20 anatazama vidole vya miguu. Wakubwa wangu kazini wakasema: samaki mkunje angali mbichi. Nikamkunja kwa fimbo. Nakuandikia hili kwa uchungu, mwanangu, kwa kuwa nilimchapa mtoto nisiyemjua.

Jumamosi moja nilikwenda Busia kununua sabuni, nikamkuta huko mpakani kwenye meza ya nyanya ya mama yake. Siku hizo shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 20 za kwetu. Mteja akatoa noti ya 50 ya Kenya kwa mafungu matatu ya shilingi 100 za Uganda kila moja. Mtoto akarudisha 700 papo hapo, huku anarukaruka kwa mguu mmoja na kumwita mwendesha bodaboda. Kwa mama yake alisema Dhopadhola, kwa mteja Kisamia, kwa bodaboda Kiswahili. Nilisimama pale na sabuni yangu mkononi, aibu imenijaa. Samaki hukunjwa akiwa mkononi. Huyu wangu alikuwa angali majini, na mimi sikuwa nimelowesha hata kidole.

Mama yake ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniambia, "Mwalimu, huyu akikaa anasahau, akitembea anakumbuka." Basi jedwali la kuzidisha tukalisoma tukiuzunguka mwembe. Vizibo vya soda vikawa pesa, mimi nikawa mteja. Kusoma tulianza na majina ya vitu vya mezani pao, kwa lugha ya nyumbani, kisha tukasogea. Kila baada ya muda mfupi nilimtuma: gawa vitabu, futa ubao, hesabu chaki. Wenzake hawakupunjwa, walipata utulivu, na wengi wao pia walipenda hesabu za vizibo.

Miaka mingi baadaye, niliporudi chuoni, nilisoma utafiti wa mwaka 1985 kutoka Recife, Brazil. Terezinha Carraher na wenzake waliwapima watoto watano waliouza nazi na bidhaa nyingine mitaani. Wakiwa kwenye biashara walipata takribani 98 kwa kila maswali 100. Walipopewa hesabu za namna ileile kwa mtindo wa shule, tarakimu tupu bila nazi wala mteja, walishuka hadi 37. Nilisoma zile namba, nikaiona meza ya nyanya.

Sikuambii kwamba mtoto wangu yule alikuja kuwa daktari. Mtihani wa darasa la saba aliupita kwa shida, na mwandiko wake haukunyooka kamwe. Lakini shule hakuiacha, na kila asubuhi alinipokea mkoba njiani, yeye niliyekuwa nimemchapa.

Fimbo usiiguse. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 imeikataza shuleni, na yetu ya mwaka 2016 pia. Lakini hata bila sheria ningekukataza mimi. Mtoto anayekuogopa hatakuonyesha anachokijua. Wala usidhani mapenzi yako yanatosha: waombe wazazi wampeleke akapimwe macho na masikio, na umwulize mwalimu mkuu kuhusu kituo cha tathmini cha watoto wenye mahitaji maalumu. Huenda ana shida ambayo kuzunguka mwembe hakuiponyi.

Na Jumamosi hii usisahihishe madaftari. Nenda anakoshinda huyo mtoto, sokoni, kwenye mifugo au kwa fundi baiskeli, ukae kando umtazame. Umsalimie mama yake kwa heshima na umwulize mtoto hukumbuka akiwa anafanya nini. Kisha uniandikie. Ya kutojua kwake umeshaniandikia. Safari hii niandikie anachokijua.

Mungu akulinde.

Ni mimi shangazi yako