Yanaka, Mtaa Uliosazwa na Moto

Lango la hekalu la Kyōōji, hatua chache tu kutoka stesheni ya Nippori, lina matundu ya risasi. Ni lango la mbao nyeusi, na wengi wanaoshuka kwenye treni za Yamanote hulipita bila kugeuza shingo. Mwalimu alinisimamisha hapo, akachomeka kidole cha shahada kwenye tundu moja.

"Ndugu, hii ni 1868," akasema. "Watu wa shogun, mtawala wa kijeshi, walipigwa kule Ueno, wakakimbilia humu. Waliowafuata hawakubisha hodi."

Namwita Mwalimu kwa sababu ndivyo alivyokuwa: kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu katika sekondari moja ya kusini mwa Tanzania, miaka ya sabini. Kiswahili chake kimebaki palepale alipokiacha, kimejaa "ndugu" za enzi ya Azimio la Arusha, na akikasirika hulaani mabepari. Mimi nilikuwa Tokyo kikazi. Aliposikia kwamba Jumapili sina shughuli, alikataa katakata niende Shibuya kushangaa mataa. Alitaka nione Yanaka, mtaa aliopanga chumba akiwa mwanafunzi, kabla hajaijua Afrika.

Ulikuwa mwanzo wa Julai na mvua zao za kiangazi zilikuwa hazijaisha. Ilinyesha, ikakatika, ikanyesha tena, nasi tukawa tunafungua na kufunga miavuli siku nzima.

Ukitaka kuielewa Yanaka, anza na moto. Tokyo ilipokuwa ikiitwa Edo ilikuwa bahari ya mbao na karatasi, na mwaka 1657 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo. Baadaye watawala wakayahamisha mahekalu mengi kutoka katikati ya mji hadi pembezoni, na kilima hiki kikapokea fungu lake. Ndiyo maana leo kuna mahekalu zaidi ya 70 katika eneo unaloweza kulivuka kwa miguu kabla chai haijapoa. Kisha likaja tetemeko la Septemba 1923, na moto uliofuata ukaua watu wengi kuliko tetemeko lenyewe, lakini Yanaka ikapona. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto upande wa mashariki wa jiji, kando ya mto Sumida, na watu wapatao 100,000 wakafa kabla ya kucha. Vita hivyo viliigusa Yanaka pia, lakini sehemu kubwa ilisalimika. Kwa hiyo haya mapaa ya vigae na milango ya kusukuma pembeni ambayo watalii wanapiga picha hayakuhifadhiwa na mtu yeyote kwa hekima yake. Yalisazwa.

Tuliingia makaburini. Makaburi ya Yanaka yalifunguliwa kuwa ya umma mwaka 1874, na barabara yake kuu imepandwa miti ya micheri inayokutana juu. Watu hupita humo wakienda dukani, watoto huendesha baiskeli, na katikati kuna kituo kidogo cha polisi. Karibu na kituo hicho pana uzio mdogo, na ndani yake mawe makubwa yamepangwa safu kwa safu. Nilidhani ni kaburi la tajiri fulani. Kumbe ni msingi wa mnara wa ghorofa tano wa hekalu la Tennōji, uliojengwa upya mwaka 1791 baada ya ule wa kwanza kuungua. Mwandishi Kōda Rohan aliutungia riwaya iliyompatia jina kubwa. Mnara huo ulilishinda tetemeko la 1923 na ukavishinda vita. Julai 1957 wapenzi wawili walioamua kufa pamoja waliuchoma wakiwa ndani.

"Mabomu yote yale yaliupitia juu," Mwalimu alisema. "Ukaja kuuawa na mapenzi." Hakusema kwa masikitiko. Alisema kama mtu aliyewahi kurekebisha hesabu hiyo mara nyingi na bado jibu halimridhishi.

Humo makaburini amelala Tokugawa Yoshinobu, shogun wa mwisho, aliyerudisha madaraka kwa mfalme mwaka 1867 kisha akaishi hadi 1913 akipiga picha na kuendesha baiskeli. Kaburi lake ni kichuguu cha mviringo nyuma ya uzio. Mahali pengine humohumo yupo Shibusawa Eiichi, aliyekuwa mtumishi wake ujanani na baadaye akawa baba wa mabenki na makampuni ya Japani. Mwalimu alitoa noti ya yeni 10,000 mfukoni akaikunjua: ni huyohuyo, sura yake imo kwenye noti tangu 2024. Shogun hana noti. Mjamaa wangu wa zamani alionekana kuchukizwa na jambo hilo, ingawa aliirudisha noti mfukoni kwa uangalifu mkubwa.

Kutoka hapo twende moja kwa moja kwa mchongaji Asakura Fumio, maana ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Alikamilisha nyumba yake mwaka 1935: upande mmoja ni karakana ya zege iliyopakwa rangi nyeusi, upande mwingine ni makazi ya mbao na mikeka, na katikati ni bwawa lenye mawe makubwa, kiasi kwamba chumba chochote utakachosimama, maji yanakutazama. Viatu vinavuliwa mlangoni, unavibeba kwenye mfuko. Kamera haziruhusiwi, na hilo pekee linabadilisha namna watu wanavyotembea. Dari ya karakana iko juu kuliko nyumba ya ghorofa moja. Asakura hakutaka kupanda ngazi kuchonga sanamu ndefu, basi akaweka jukwaa la umeme sakafuni: sanamu inashuka chini ya ardhi, yeye amesimama tu anaendelea na kichwa chake.

Alipenda paka. Chumba kimoja cha juu kimejaa paka wa shaba: anayejilamba, anayenyemelea, na mmoja wa mwaka 1909 aliyeshikwa ngozi ya shingo na mkono wa mtu, mwili wote ukiwa umelegea kwa kukubali yaishe. Yeyote aliyewahi kumtoa paka jikoni anamjua huyo. Alikusudia kufanya maonyesho ya paka mia mwaka wa Olimpiki ya Tokyo, 1964, akafariki mwaka huohuo. Juu ya paa kuna bustani ambako wanafunzi wake walilima mboga, kwa sababu aliamini kwamba asiyejua udongo hawezi kuchonga. Nilisimama huko juu nikaona mapaa ya mahekalu, nguo zilizoanikwa zikinyeshewa, na nyuma yake maghorofa ya Nippori yakiwa yamejipanga.

Njaa ilitushusha Yanaka Ginza, mtaa wa maduka wenye urefu wa mita kama 170, unaoanza chini ya ngazi zinazopendwa kwa kutazamia machweo. Hapa nina lawama kidogo. Foleni ndefu kuliko zote ilikuwa ya kula nyama ya kusaga iliyochovywa kwenye chenga za mkate na kukaangwa, na kila aliyeipata alisimama kando kuipiga picha mpaka inapoa. Mwalimu aliniulizia kwa muuzaji: imo ya nguruwe. Basi mimi nikala biskuti za mchele zilizochomwa zikapakwa mchuzi wa soya, ngumu kama kigae, tamu. Kati ya maduka ya vinyago vya paka bado lipo la samaki, la chai na la soksi, na humo wateja ni vikongwe wenye vikapu vya magurudumu ambao hawampigi picha mtu. Niliona bibi mmoja akimgombeza muuza samaki kwa dakika nzima kisha akanunua samaki wawili.

Asilimia kubwa ya waliojaa pale walikuwa Wajapani vijana. Nilimuuliza Mwalimu wanatamani nini, wakati hiyo Tokyo ya zamani hawakuiishi.

Akanipeleka Kayaba Coffee kunijibu akiwa ameketi. Jengo ni la 1916, mkahawa ulifunguliwa 1938, ukafungwa 2006, na mwaka 2009 watu wa mtaani na wadau wa sanaa wakaufungua tena. Tulikula mkate wa mayai, laini, na tukanywa kahawa iliyochanganywa na kakao. Alisema alipokuwa mwanafunzi hakuna aliyeringa kwa kuishi Yanaka. Ilikuwa sehemu ya kodi nafuu, yenye makaburi mengi na mabafu ya umma kwa sababu chumba hakikuwa na bafu. Kisha mwaka 1984 akina mama watatu wa huko, mmojawapo Mori Mayumi, walianzisha gazeti dogo la mtaa. Waliwahoji mafundi, wauza tofu na wazee, wakaandika kila kisima na kila mti. Gazeti lilidumu hadi 2009, na jina la Yanesen ambalo sasa liko kwenye kila ramani ya watalii, lililounganisha Yanaka, Nezu na Sendagi, lilienea kutokana nalo.

"Kwa hiyo vijana hawa," akasema, "wanatamani kile ambacho mama wale walikisoma usoni mwa wazee. Si vibaya. Lakini wamekuja na mabegi ya magurudumu."

Karibu na hapo tulipita bafu la umma la zamani, bomba la moshi bado limesimama. Tangu 1993 ndani yake ni ukumbi wa sanaa ya kisasa. Nezu na madhabahu yake ya 1706 tuliyaona kwa haraka kwa sababu mvua ilizidi. Tulijikinga chini ya malango mekundu yaliyopangwa mfululizo, pamoja na bibi harusi na mpiga picha wake aliyekata tamaa.

Jioni Mwalimu alitaka kunionyesha nyumba aliyopanga. Tulipita vichochoro vinavyokufanya ugeuke ubavu kama vya Mji Mkongwe, vyungu vya maua vimepangwa mpaka mlangoni, na kila baada ya nyumba kadhaa kisanduku chekundu cha kizimamoto ukutani. Njiani akanieleza kinachovimaliza vichochoro hivi leo. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1950 inataka nyumba ipakane na njia yenye upana wa mita nne. Nyumba kuukuu inaruhusiwa kusimama. Ukiibomoa, mpya lazima irudi nyuma mpaka njia ipate nusu ya upana wake kwako na nusu kwa jirani. Mzee akifa, watoto wanadaiwa kodi ya mirathi kwa thamani ya ardhi ya Tokyo, wanauza, nyumba inabomolewa, kichochoro kinapanuka kipande. Hakuna cheche inayohitajika.

Tukafika. Palikuwa maegesho ya kulipia: lami, mashine ya sarafu, nafasi nne zilizochorwa kwa rangi nyeupe. Mwalimu alizunguka akitafuta, kisha akasimama kwenye namba tatu.

"Ngazi zilikuwa hapa. Chumba changu kilikuwa juu ya ile Toyota."

Akavaa miwani, akasoma bango la bei hadi mwisho, midomo ikichezacheza kwa kukokotoa.

"Ndugu," akasema, "kodi yangu ya mwezi mzima isingetosha gari hili kulala hapa siku tatu. Mabepari!"

Akafungua mwavuli, tukateremka stesheni ya Nezu.