Shujaa Mwenye Upara na Kibao cha Jina Letu

Wiki hii tunawaomba radhi wasomaji wetu, hasa kina mama, kwa kuwaletea jambo ambalo hamkulitarajia kutoka katika kalamu hii: katuni ya Kijapani.

Likizo ya Agosti tulikwenda Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, kumzuru binti yetu aliyeolewa huko. Usiku wa kwanza, baada ya swala ya Isha, tulimkuta mjukuu wetu wa miaka 13 amejikunyata pembeni na simu ya mamake, akicheka peke yake. Tulichungulia, tukaona mtu mwenye upara, amevaa nguo za manjano na joho jeupe, akipigana na dubwana. Hatukuuliza. Mbele ya wageni waliokuja kutusalimu tulimwambia kwamba anaupoteza umri wake kwa picha za mashetani, na kwamba mtoto wa ukoo wetu hapaswi kuonekana hivyo. Kijana aliizima simu, akasema, "Naam, Babu," akaingia ndani.

Kwa siku tatu adabu yake haikupungua hata chembe. Alitusalimu, alitutilia maji ya udhu, alitusindikiza msikitini. Lakini yule aliyezoea kukaa miguuni petu akidai visa vya mitume hakukaa tena. Siku ya nne binti yetu alituletea chai, akaketi.

"Baba," alisema, "niwie radhi. Wewe ndiye uliyetufundisha kuwa kadhi hahukumu mpaka asikilize. Mtoto huyu umemhukumu bila kumsikiliza."

Hatukuwa na jibu. Jioni hiyo tulimwita kijana, tukamwambia alete simu yake na atuanzie mwanzo.

Katuni yenyewe inaitwa One Punch Man. Ilianza mwaka 2009 kama hadithi ya picha katika intaneti, kazi ya mtunzi ajiitaye ONE. Mwaka 2012 ikachorwa upya na mchoraji hodari, Yusuke Murata. Na mwaka 2015 ikatoka katika sehemu 12 za televisheni. Shujaa wake, Saitama, alikuwa kijana asiye na kazi aliyeamua kuwa mtetezi wa watu. Kwa miaka mitatu alijizoeza kila siku bila kukosa: pushapu 100, sitapu 100, kuchuchumaa na kuinuka mara 100, na mbio za kilomita 10. Akapata nguvu zisizo na mfano, na nywele zikamtoka zote. Mjukuu wetu alipofika hapo alitutazama kichwani, akajizuia. Tulicheka sisi kwanza, ndipo naye akacheka, na siku zile tatu zikaisha.

Tulifahamu upesi kwa nini vijana wanaipenda. Hadithi nyingi za mashujaa zimejaa majigambo. Humu dubwana hujisifu kwa maneno marefu, likaeleza asili yake na ukubwa wa nguvu zake, kisha Saitama akalipiga ngumi moja tu, mambo yakaisha. Yeye mwenyewe hafurahi, maana ushindi umekuwa rahisi mno. Katikati ya pigano moja anapiga ukelele, nasi tukadhani amezidiwa; kumbe amekumbuka kuwa ni siku ya bei nafuu dukani. Ana mwanafunzi, Genos, kijana mwenye mwili wa chuma, anayemfuata kila mahali akitafuta siri ya nguvu za mwalimu wake, wala haamini akiambiwa kuwa siri ni mazoezi ya kila siku. Hapo tuliwakumbuka wanafunzi wetu wengi wa madrasa, wanaotuomba siri ya kuhifadhi Qur'ani ilhali siri ni kurudia.

Hatusemi kwamba ni katuni ya kuachiwa kila mtoto. Ina damu na mapigano makali, na baadhi ya mavazi yake hayana stara. Wadogo haiwafai, na wakubwa watazame pamoja na mzazi. Lakini sehemu ya tisa ilitunyamazisha.

Dubwana liitwalo Mfalme wa Kilindi cha Bahari limewaangusha mashujaa wakubwa, na watu wamejificha wakingoja kufa. Anatokea Mumen Rider, shujaa wa daraja C, ambalo ni la chini kabisa. Hana nguvu yoyote ya ajabu, ana baiskeli. Anajua hawezi kushinda, na anasimama vivyo hivyo, kwa sababu nyuma yake wapo watu. Anapigwa, anainuka, anapigwa tena. Anapoanguka Saitama anamdaka, anamsifu kwa kupigana vyema, kisha anamaliza kazi kwa ngumi moja.

Mtu mmoja katika kundi lililookolewa anaanza kuwadharau waliotangulia: kama huyu ameshinda kwa pigo moja, basi wale waliopigwa walikuwa na faida gani? Saitama anacheka na kuwaambia kwamba wale ndio waliolidhoofisha dubwana, yeye amefika mwishoni tu akajichukulia sifa. Watu wanageuka na kumwona mdanganyifu. Anaondoka na aibu isiyo yake ili heshima ya wenzake ibaki.

"Babu," kijana aliuliza, "kwa nini alikubali kudharauliwa?"

Jibu tulikuwa nalo; tumelisomesha miaka mingi. Kusema lisilo kweli hatukusifu, lakini kuficha wema ni mlango mkubwa. Mtume (S.A.W.) ametutajia watu saba watakaopewa kivuli Siku ya Kiyama, na miongoni mwao ni mwenye kutoa sadaka kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Tulimweleza habari ya ikhlasi na riya kwa urefu. Alisikiliza, kisha akasema bila nia mbaya yoyote, "Kama wale kina mama wa bwawa, Babu. Wao majina yao hayakuandikwa."

Ulimi ulitukauka. Mwaka uliopita tulikusanya mchango Mombasa kusaidia bwawa la mchanga katika kijiji kimoja cha Kitui. Mabwawa haya ni hekima ya nchi kavu: ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukingama mto wa msimu, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hubaki ndani ya mchanga, jua lisiyafikie kwa urahisi. Kikundi cha mwethya, kina mama karibu wote, ndicho kilichobeba mawe na mchanga tangu alfajiri kwa wiki kadhaa. Sisi tulifika siku ya ufunguzi. Msema chochote aliposahau kututaja tulinuna mpaka tukaombwa radhi, na baadaye tukahakikisha kibao kinaandikwa jina letu. Mjukuu wetu alikuwapo, akitazama.

Kesho yake tulipanda gari pamoja naye, tukafuata barabara ya Kibwezi kwenda Kitui, tukavuka mto Athi, tukafika kijijini adhuhuri. Juu ya mchanga kina mama walikuwa wamefukua kishimo, wakiteka maji kwa kata na kujaza madumu. Mmoja alimpa kijana wetu maji ya kunywa, naye akajibu kwa Kikamba, "Muvea." Kisha mama huyo akatuuliza sisi ni wageni wa nani. Hakutujua kabisa, na maji yalikuwa matamu.

Tulimtafuta mwenyekiti wao, tukamwomba jina letu lifutwe, na kama ni lazima kibao kiandikwe chochote, basi liandikwe jina la kikundi. Alitutazama, akacheka kwa upole.

"Mzee, rangi ni pesa," alisema. "Liache. Jua la hapa litalifuta bure."

Tukakitazama kibao. Kweli herufi mbili za mwanzo zilikuwa zimekwisha pauka.

Wazazi wenzetu, tusiwaachie watoto simu bila kujua wanatazama nini, na pia tusiwahukumu kabla ya kukaa nao. Mjukuu wetu alikuwa ameelewa jambo ambalo babu yake alilisomesha asilitende. Usiku ule wa kurudi Kibwezi, mbele ya wageni wale wale, tulimwomba radhi. Alitubusu mkono, akauliza kama tunataka kuona sehemu ya kumi.

Mwenyezi Mungu atutakabalie amali zetu zilizofichika, na atusamehe tulizozitangaza. Wabillahi tawfiq.