Uso Umepauka? Acha Kwanza Kuusugua

Wacha niseme mapema ndio tusipotezeane wakati: kama uso wako unabambuka kama rangi ya ukuta wa zamani, hujarogwa na sio eti huogi. Vile nawajua watu wa huku kwetu, kuna uwezekano mkubwa unaoga vizuri kabisa, unasugua kabisa, na hapo ndipo shida inaanzia.

Mimi ni mtu wa upande wa Litein, Kericho. Watu wa Nairobi wakiona picha za mashamba yetu ya chai wanadhani huku ngozi hujimwagilia zenyewe. Kijani kila mahali, ukungu asubuhi, mvua alasiri, umande wa kulowesha viatu kabla hujafika steji. Sasa mtu wa huku anapauka aje?

Anapauka vizuri sana. Kwanza, tuko juu. Nchi ya chai hapa iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale ya jua inavyozidi ukali, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Hali ya baridi inakudanganya hakuna jua, kumbe linakupiga tu. Pili, asubuhi ni baridi, kwa hivyo kila mtu ananawa na maji moto, yale ya kutoa mvuke kwa beseni. Tatu, ikifika Januari na Februari mvua inapungua na upepo unakuja mkavu. Nne, jioni tunajazana jikoni karibu na moto wa kuni. Halafu ongeza sabuni ya kipande, ile inafua nguo, inaosha sufuria, na inamalizia kwa uso wako.

Hiyo sabuni ndiyo nataka tuiongelee. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni kama ukuta wa matofali. Matofali ni seli zilizokufa, na simiti inayoyashikilia ni mafuta ya ngozi yenyewe. Ukuta ukiwa mzima, maji yanabaki ndani. Ngozi ya kawaida ina asidi kidogo, pH yake iko karibu na 5. Sabuni ya kipande iko 9 au 10. Ukiipaka usoni kila asubuhi, na maji moto juu yake, unayeyusha simiti. Maji yanatoroka, matofali yanalegea, na hayo magamba unayoona kwa kioo ndio matofali yanaanguka. Sasa wewe unaona magamba, unafikiri ni uchafu, unasugua zaidi. Unaona venye hiyo hesabu haiwezi kuisha?

Najua kwa nini tunasugua. Tumelelewa tukiambiwa uso uliopauka ni uso wa mtu asiyejijali. Shule ya msingi mtu akikuja na mpauko alikuwa anaitwa "chokaa" mpaka amalize darasa la nane. Na kama wewe ni kijana wa kiume ni mbaya zaidi, juu ukipatikana unapaka losheni utaulizwa kama unaenda kuolewa. Kwa hivyo wavulana wengi wanapaka kitu kidogo kwa mkono, wanapitisha kwa paji la uso, wanatoka. Mashavu na pande za pua zinajitegemea.

Mimi uso ndio kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na nikaanza kutengeneza video. Kamera ya simu haina huruma. Nilikuwa narekodi nje, mwanga mzuri wa asubuhi, mashamba nyuma yangu, halafu nikitazama naona pande za pua yangu ni nyeupe kama nimekula unga wa ugali mbichi. Watu walikuwa wananiandikia kuhusu uso kuliko kuhusu kitu nimesema. Kwa hivyo nikasoma, nikauliza mfamasia, na nikaanza kuongea haya mambo waziwazi.

Ndipo nikaona biashara iliyo nyuma ya hii aibu yetu.

Binamu yangu anachuma majani chai. Unajua hiyo kazi: unaingia shambani asubuhi na aproni ya nailoni, umande unakulowesha, jua likitoka linakukausha hapo hapo, na kikapu kiko mgongoni mpaka alasiri. Uso wake ulikuwa umekauka, na palikuwa na mabaka mekundu kidogo kwa mashavu. Mwanamke mmoja sokoni akamuuzia krimu ya kuchanganywa, ndani ya kopo lisilo na jina wala karatasi. Wiki ya kwanza, ajabu. Uso laini, magamba hakuna, hata rangi imeng'aa. Wenzake wote wakataka namba ya huyo mama.

Baada ya miezi mitatu kopo likaisha na pesa ikawa hakuna. Siku chache bila krimu, uso ukawaka. Ulikuwa mwekundu, unawasha, vipele vidogo vidogo, na hawezi kusimama juani dakika kumi bila kulia. Kwa mtu ambaye kazi yake yote iko chini ya jua, hiyo ni mshahara umekatwa. Alikaa nyumbani karibu mwezi. Daktari alipomwona alimwambia krimu ya aina hiyo mara nyingi huwa na steroidi kali, dawa ya kweli ambayo inafaa kutumiwa kwa siku chache ukisimamiwa, tena sio usoni hivi hivi. Ukiipaka kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaanza kuonekana, na ukiacha ghafla uso unalipiza kisasi.

Na steroidi sio kitu pekee kinachojificha kwa hayo makopo. Kuna hydroquinone, ambayo ukiitumia muda mrefu inaweza kukuachia madoa meusi kuliko yale ulikuwa unakimbia. Kuna zebaki, ambayo inaingia mwilini kupitia ngozi na kuumiza figo. Zebaki ni hatari mpaka nchi za dunia zilitengeneza mkataba juu yake, Mkataba wa Minamata wa 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliangamia kwa kula samaki waliojaa zebaki ya kiwanda. Hapa Kenya KEBS hairuhusu vipodozi vyenye hizo sumu mbili. Lakini kopo lisilo na jina halijawahi kupita KEBS, sivyo?

Miezi michache baada ya hiyo stori ya binamu yangu, muuzaji mmoja wa mtandaoni akanitafuta. Ana krimu "inaondoa magamba kwa siku tatu." Alikuwa tayari kunitumia 15,000 kwa M-Pesa kwa video moja ya dakika moja. Nikamuuliza ndani kuna nini. Akasema ni siri ya kampuni. Nikamuuliza tena, akaongeza ikawa 20,000.

Mtu asinidanganye eti hiyo ni pesa ndogo. Mwezi huo nilikuwa na deni la nyumba na bando la kuomba. Sikukataa juu mimi ni malaika. Nilikataa juu nilikuwa nimeona uso wa binamu yangu, na juu kitu ambacho ni "siri" sitakipeleka kwa mtoto wa miaka 16 wa Silibwet ambaye ananiamini kuliko mwalimu wake. Hiyo ndio kanuni yangu mpaka leo: kama muuzaji hawezi kuandika kilicho ndani, hakiendi usoni mwa mtu kupitia mimi.

Sasa, yenye inafanya kazi. Utaboeka, juu ni rahisi na haina siri yoyote.

Punguza sabuni. Asubuhi maji tu yanatosha usoni, ya vuguvugu, sio ya kuchemka. Jioni, kama umekuwa kwa vumbi au moshi, tumia sabuni laini isiyo na manukato, kidogo.

Usipanguse uso mpaka ukauke. Gusagusa na taulo, acha unyevu, halafu paka mafuta ndani ya dakika chache. Hapo watu wengi wanapoteza mchezo. Mafuta hayaleti maji, yanayafungia ndani. Ukipaka juu ya ngozi kavu unafungia ukavu.

Gliserini inavuta maji, jeli inayafungia. Chupa ndogo ya gliserini mimi hununua kwa kemisti kwa chini ya 200. Matone machache kwa uso wenye unyevu, halafu jeli nyembamba juu. Nyembamba, tafadhali, hatukaangi chapati.

Kuhusu jeli usione aibu. Mafuta haya ya mgando yalianza na Mmarekani, Robert Chesebrough, aliyeona wafanyakazi wa visima vya mafuta Pennsylvania wakijipaka nta ya mashine kwa vidonda, akaisafisha, akapata hati miliki mwaka wa 1872. Na sisi hapa tuna Arimis, jeli ya kukamulia iliyotengenezewa chuchu za ng'ombe, ambayo nusu ya Kenya imeipaka usoni. Kogo wangu alinicheka nilipomweleza haya yote kama mtu amevumbua kitu. Akaniambia, "Sisi tulikuwa tunapakwa siagi ya ng'ombe, na hakuna aliyebambuka." Kogo, nimekubali.

Jikinge na jua. Kama mafuta ya kukinga jua yako nje ya bajeti, kofia pana inasaidia sana. Wachumaji chai walijua hivyo kabla yetu.

Acha limau. Acha sukari. Acha dawa ya meno. Limau kwa ngozi iliyochubuka, halafu utoke juani, unaweza kuungua vibaya. Na kunywa maji ni vizuri, endelea, lakini maji uliyokunywa hayaendi mbio kwa mashavu.

Sasa sikiza hapa vizuri. Sio kila magamba ni ukavu. Kama magamba yana mafuta, ya manjano kidogo, yamekaa pande za pua, kwa nyusi na kwa mstari wa nywele, na kichwa kina mba, hiyo inaweza kuwa ni kuvu anayeitwa Malassezia, ambaye anaishi kwa ngozi ya karibu kila mtu na wakati mwingine anazidi. Huyo anapenda mafuta, kwa hivyo ukiendelea kupaka unamlisha. Anatibiwa kwa dawa ya kuvu. Kama ni duara lenye ukingo ulioinuka, inaweza kuwa choa, ile tulikuwa tunaita mashilingi, na krimu ya steroidi inaificha huku ikisambaa. Kama inawasha usiku hulali, inapasuka, inatoa maji, nenda hospitali. Kuna Kapkatet, kuna Longisa, kuna Kericho mjini. Usianze na kopo la sokoni.

Na kabla ununue chochote, angalia alama ya KEBS na utume SM# na namba iliyo chini yake kwa 20023. Alama inaweza kuchapishwa na mtu yeyote, lakini hiyo namba lazima ijibu.

Najua wengine mtasema ni uso tu, kuna shida kubwa kuliko hizi. Ziko, bei ya majani chai ikiwemo. Lakini nimeona msichana akikataa kuenda kuhojiwa kazi juu ya mpauko, na nimeona binamu yangu akikaa ndani mwezi mzima pazia limefungwa. Wenye makopo wanajua tuna aibu, na wanaiuza kwa gramu. Dawa ya kuwanyima soko iko kwa kabati lako: maji ya vuguvugu, mafuta ya bei rahisi, na kuacha kumcheka mwenzako aliyepauka.

Anza leo jioni. Ipe wiki mbili.