Fungate Si Kufunga

Huku Kilwa Kivinje, tukikaa kumsinga bibi harusi, neno fungate halikosi kutajwa, na wengi wetu huliunganisha na kufunga: kufunga ndoa, au kufungiwa ndani na mume. Sivyo. Fungate ni saba. Kabla ya kuzoea sita, saba na tisa za Kiarabu, Waswahili walihesabu tandatu, mfungate, nane, kenda. Wagiriama wa Kilifi hadi leo saba wanaiita fungahe, na Wasukuma wetu wanasema mpungati.

Kwa hiyo anayekwenda "fungate ya siku mbili" Lindi mjini, anakwenda saba ya mbili! Tunacheka, ila jambo lenyewe ni zito. Anas bin Malik (r.a.) amepokea, na imo katika Bukhari na Muslim, kwamba ni sunna mume akioa bikira juu ya mke mwingine akae kwake siku saba, na akioa aliyekwisha kuolewa akae siku tatu, kisha ndipo agawe zamu. Siku hizo ni haki. Mwari akiingizwa jikoni siku ya tatu kuwapikia wageni, akinung'unika, hadeki.

Mkikaa kwenye posa, mahari ikishatajwa, tajeni na siku. Mume mwenye mke mwingine ajipange mapema, na yule bi mkubwa naye aambiwe, asije kuzihesabu peke yake usiku.