Kizazi cha Slaidi na Jambo Moja la Kusema

Vijana wa leo wanasimama mbele ya watu mapema kuliko tulivyosimama sisi. Enzi zetu, mtu wa miaka ishirini na mitano akiingia kwenye kikao cha wakubwa, basi kaitwa kuandika muhtasari au kugawa chai. Leo binti wa umri huo anawasilisha taarifa ya mradi mbele ya baraza la madiwani. Kijana mwenzake anatetea utafiti wake mbele ya maprofesa, mwingine anawaomba wawekezaji mtaji wa kampuni aliyoianzisha na rafiki zake. Mimi niliyefundisha walimu mpaka nikastaafu, jambo hili hunifurahisha sana. Kizazi hiki kimepewa nafasi ya kusema ambayo sisi tuliisubiri mpaka mvi zikatoka. Ndiyo maana nasikitika ninapoona nafasi hiyo inakabidhiwa ukuta.

Ingia kwenye warsha yoyote, iwe Dodoma au Mbeya. Projekta imewaka, mapazia yamevutwa. Slaidi ya kwanza ina nembo za wafadhili na jina la mradi lenye mistari mitatu. Ya nne ni jedwali lililonakiliwa zimazima kutoka kwenye Excel, safu kumi na nne, tarakimu hazisomeki hata kwa aliyekaa mstari wa pili. Mwasilishaji anageuka, anatupa mgongo, anaanza kusoma. Halafu linakuja lile neno ambalo kila mhudhuria semina analijua: “Najua wa huko nyuma hamwoni vizuri, lakini nitawasomea.” Mle ukumbini yupo mjumbe wa kamati ya maji aliyetoka kijijini na basi la alfajiri. Ukutani ni Kiingereza, mdomoni ni Kiswahili kilichochanganywa, na yeye kaishia kuchezea kalamu aliyopewa mlangoni. Mwisho anapiga makofi, anasaini posho, anarudi kwao. Wakimuuliza mkutano ulisema nini, hana la kuwaambia.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Mwasilishaji yule si mvivu wala si mjinga. Amekesha akijiandaa, na anaijua kazi yake kuliko yeyote mle ndani. Mkute wakati wa chai, mwulize shida ya maji ya kata ile ni nini: atakueleza kwa dakika mbili na utaelewa. Akishapanda mbele, ujuzi ule wote unajificha nyuma ya slaidi arobaini.

Sisi tulifundisha kwa chaki. Chuoni tuliwazoesha wanafunzi wa ualimu kuugawa ubao. Kushoto tarehe, somo na mada. Katikati yale ya msingi ambayo hayafutwi mpaka kengele ilie. Kulia uwanja wa michoro na maneno mapya, unaofutwa na kuandikwa tena. Zana tulizichora kwenye karatasi za manila kwa makapeni, usiku, kwa taa ya chemli. Mchoro mmoja wa moyo wa binadamu ulikula jioni nzima. Kwa hiyo kabla hujaigusa manila ulijiuliza: hiki kina ulazima gani? Wanafunzi wasipokiona watapungukiwa nini? Si kwamba tuliwazidi vijana hawa busara. Taabu ndiyo iliyotuchagulia.

Taabu hiyo sasa imeondoka. Programu ya PowerPoint, iliyobuniwa na akina Robert Gaskins na Dennis Austin katika kampuni ndogo ya Forethought huko California, ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Ilikuja kumpunguzia msemaji usumbufu wa kutengenezewa karatasi angavu za projekta za zamani, na kweli iliupunguza. Leo kuongeza slaidi ni kubonyeza tu, na jedwali la kurasa tatu hubandikwa kabla hujamaliza kupiga chafya. Hakuna tena kinachomlazimisha mtu kuchagua. Kazi iliyokuwa ikifanywa na uhaba wa manila imebaki mikononi mwa mwasilishaji mwenyewe, wala hakuna aliyemfundisha namna ya kuifanya.

Wazee wenzangu wanaowacheka vijana hawa wakumbuke pia shule zilizowalea. Ni shule za kunukuu: mwalimu anasoma, darasa linaandika, na daftari likijaa inahesabiwa kwamba somo limefundishwa. Kijana aliyekaa katika utaratibu huo tangu darasa la kwanza mpaka chuo kikuu, ukimpa projekta utegemee nini? Atabandika nukuu ukutani na kuzisoma. Hakuanza leo kuamini kwamba kufundisha ni kumaliza maneno yaliyoandikwa. Ameipokea imani hiyo kwetu.

Lakini imani hiyo haikubaliani na akili ya binadamu inavyofanya kazi. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amelipima jambo hili kwa majaribio ya miaka mingi. Aliona kwamba mtu huelewa zaidi akionyeshwa picha huku akisikia maelezo, kuliko akionyeshwa picha, akasikia maelezo, na maneno yaleyale akaandikiwa tena mbele ya macho. Macho yanasoma kwa mwendo wao, masikio yanafuata sauti kwa mwendo mwingine, na kichwa ni kimoja. Anayesoma slaidi zake anashindana na nafsi yake, na msikilizaji ndiye anayepoteza.

Tena hasara yake si usingizi wa ukumbini peke yake. Januari 16, 2003, chombo cha anga cha Columbia kiliporuka kutoka Florida, kipande cha povu gumu linalofunika tangi la mafuta kilichomoka na kuligonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwaeleza viongozi wa safari hiyo hali hiyo kwa slaidi. Slaidi moja ilikuwa na kichwa chenye kutuliza moyo. Chini kabisa, katika mstari wa mwisho na kwa herufi ndogo, ndimo ilimokuwa habari yenyewe: kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, ilhali majaribio yaliyotegemewa yalitumia vipande vya inchi za ujazo 3. Ni mara 640. Februari 1 chombo kilisambaratika kikirejea duniani, na wanaanga wote saba wakafa. Slaidi haikukiangusha chombo kile, lakini tume ya uchunguzi, ikitumia uchambuzi wa Edward Tufte, mtaalamu wa uwasilishaji wa takwimu, ilieleza kwamba kiongozi angeweza kuisoma slaidi ile asitambue kuwa maisha ya watu yako hatarini. Ukweli ulikuwemo. Uliwekwa mahali ambapo hakuna aliyeuona.

Linganisha na kazi iliyofanyika hapa kwetu mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana kwenye vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Mada zilikuwa malaria, minyoo ya safura, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu. Watu walisikiliza, wakajadiliana, wakapanga la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani kuzunguka nyumba. Wengi wao hawakujua kusoma, na hapakuwa na picha yoyote inayotembea ukutani. Walioandaa vipindi walikuwa wamelijibu swali moja kabla ya yote: msikilizaji huyu akiinuka hapa, tunataka akafanye nini?

Swali hilo ndilo ninalowaachia vijana. Kabla hujafungua kompyuta, chukua karatasi uandike sentensi moja: wakitoka hapa, nataka wajue au wafanye kitu gani. Sentensi ikikushinda, hujawa tayari, hata ukiwa na slaidi mia. Ikipatikana, ipitishe kila slaidi mbele yake, na isiyoisaidia iondoe bila huruma. Kila slaidi iliyobaki ibebe hoja moja, na kichwa chake kiseme hoja yenyewe. Usiandike “Hali ya Visima”. Andika “Visima vitatu kati ya vitano havitoi maji”. Kinachosemeka kiseme kwa mdomo. Ukuta uuachie kile ambacho mdomo hauwezi: ramani, picha ya pampu iliyokatika, mstari wa grafu unaoshuka. Rangi zinazochezacheza na maandishi yanayoruka yaache. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Guy Kawasaki, aliyewasikiliza wajasiriamali wengi wa Marekani wakiomba mtaji, aliwawekea kipimo: slaidi 10, dakika 20, herufi zisizopungua ukubwa wa pointi 30. Si msahafu, ila ni kipimo kizuri kwa anayeanza. Mimi naongeza mambo ya kumbi zetu. Fika mapema, weka slaidi yako ukutani, nenda ukasimame kiti cha mwisho uisome. Ukumbi wenye madirisha mengi unataka herufi nyeusi juu ya weupe. Jizoeze kusema yote bila slaidi hata moja, kwa sababu umeme utakatika. Na ukiwa na la kusema bila picha, bonyeza herufi B. Ukuta unakuwa mweusi, na macho yote yanakurudia wewe.

Nimemwona muuguzi kijana akiyafanya haya mbele ya madiwani. Slaidi zake zilikuwa nne. Ya pili ilikuwa ramani aliyoichora mwenyewe: kijiji, mto, zahanati, na mstari mwekundu wa njia. Akaweka kidole pale mstari unapokutana na mto, akasema, “Waheshimiwa, mama akishikwa na uchungu usiku wa masika, anafika hapa, anakwama.” Akazima ukuta, akawageukia, akaeleza anachoomba: nyumba ya wajawazito kusubiria karibu na zahanati, na gharama zake. Takwimu zote zilikuwa kwenye karatasi alizogawa. Maswali yakaanza papo hapo, na yote yalihusu nyumba ile: kiwanja kipo wapi, nani atailinda, fundi analipwaje. Waheshimiwa walikuwa wameelewa, kwa hiyo walikuwa na la kuuliza.

Ile karatasi aliyogawa inatuhusu sisi wazee zaidi kuliko vijana. Slaidi nyingi zinajaa kwa sababu sisi wenye viti tunazitaka zifanye kazi mbili: zionyeshwe kikaoni, kisha zitumwe kwa barua pepe zihifadhiwe kama taarifa. Haziwezi. Taarifa inasomwa na mtu peke yake, kwa utulivu, inahitaji maelezo kamili. Slaidi inaonwa na watu wengi kwa pamoja huku mtu akisema. Mwaka 2004 Jeff Bezos, mwanzilishi wa kampuni ya Amazon, aliziondoa slaidi kwenye vikao vya wakuu wa kampuni hiyo, akaagiza taarifa ziandikwe kwa sentensi kamili na zisomwe kimyakimya kabla ya mjadala. Hatuhitaji kufika huko, lakini tunaweza kuomba taarifa ya kurasa chache siku mbili kabla, tuisome kweli, na kikaoni tumwache kijana aseme. Kikao cha siku nzima chenye wajumbe thelathini kinakula siku thelathini za kazi, za watu walioacha mashamba na wagonjwa wao. Akisimama mbele yetu mtu mwenye slaidi nne na jambo lililo wazi, tusimwone kuwa hakujiandaa. Amefanya kazi ya kuchagua kwa niaba yetu, na tunapaswa kumpa muda wake wote, kisha jibu.