Mguu Mzima Ndio Uliouma

Ndugu msomaji, wewe unayelima kwa maksai unajua jambo hili. Ukimfunga nira ng'ombe mwenye nguvu pamoja na mnyonge, plau haiendi mstari mmoja. Jioni anayechoka si mnyonge peke yake. Mwenye nguvu naye amechoka, maana amevuta kazi ya wawili.

Mimi ni bwana shamba. Maneno hayo nimewaambia wakulima miaka mingi. Sikujua kwamba yatanipata katika miguu yangu mwenyewe.

Napenda kukimbia, ingawa nina miaka 46. Mwaka juzi nilianguka na pikipiki nikitoka kukagua mahindi. Mguu wa kushoto ukavunjika karibu na kifundo. Nikafungwa hogo wiki sita. Maumivu yalipokwisha nikaruhusiwa kukimbia, nikalipa kiingilio cha kilomita 21 katika mbio za Kilimanjaro, kule Moshi.

Wiki ya tatu ya mazoezi goti likaanza kuuma. Lakini lilikuwa goti la kulia. Mguu mzima! Nikasema huo ni uzee.

Nilikwenda hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alinieleza kwamba mtu akikimbia, mguu unapotua hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake. Hubeba hivyo maelfu ya mara katika safari moja. Mguu mnyonge ukikwepa mzigo, mwenzake huupokea.

Hospitali nyingine kubwa zina mashine ya kupima nguvu. Unakaa kitini, mguu unafungwa, unasukuma, na mashine inaandika. Yeye alitumia ukuta na hesabu tu. Nawe unaweza kufanya hivyo nyumbani, ila usijipime mguu uliovimba au unaouma. Huo upeleke zahanati.

Vua viatu. Simama kwa mguu mmoja, goti limenyooka. Gusa ukuta kwa vidole kidogo tu, usiuegemee. Inua kisigino juu kadiri unavyoweza, kisha shusha polepole. Hesabu. Kisigino kikishindwa kufika juu kama mwanzo, acha hapo hapo. Usijidanganye kwa kukunja goti. (Mimi nilijaribu, akaniona.) Anza na mguu mzima, pumzika, kisha pima ule ulioumia.

Kulia nilipata 24. Kushoto nilipata 12. Nusu! Na siku zote nilikuwa nikitembea bila kuchechemea.

Akaniambia miguu ya watu wengi haiko sawa kabisa, na tofauti ndogo si ugonjwa. Lakini mguu ulioumia ukifikia angalau 90 kwa 100 ya mwenzake, ndipo wataalamu wengi humruhusu mkimbiaji kurudi mbioni.

Nilifanya mazoezi ya mguu wa kushoto kila siku. Wa kulia niliupumzisha kwa sababu ya goti. Wiki mbili kabla ya mbio nilipimwa tena. Kulia 18, kushoto 17. Nikapiga hesabu: 94 kwa 100. Nikafurahi sana.

Mtaalamu hakufurahi. Aliniuliza, "Bwana shamba, kulia si ulikuwa 24?"

Nikanyamaza. Miguu ilikuwa imekaribiana kwa sababu mzima nao umeshuka. Maksai wawili waliokonda huenda mstari mmoja, lakini plau haizami ardhini.

Vijana wa kijijini walinicheka. Mmoja alinikumbusha John Stephen Akhwari. Ni kweli, mwaka 1968 kule Mexico Mtanzania huyo aliumia goti katika marathoni akaendelea mpaka mwisho. Alifika wa mwisho kati ya watu 57, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Namheshimu sana. Lakini Akhwari aliumia akiwa tayari njiani. Mimi nilikuwa najua hali yangu nikiwa bado nyumbani.

Sikwenda Moshi. Kiingilio kikapotea, na iliniuma kuliko goti.

Tangu hapo naifanyisha kazi miguu yote miwili. Jana asubuhi nilijipima kwenye ukuta wa ghala la pembejeo. Kulia 25, kushoto 23, na goti halikuuma. Fomu ya mbio zijazo nimeijaza.